Mtoto Hasikii, au Moshi wa Baba Umemziba Masikio?

Mpenzi msomaji, leo tuanze na neno moja tu: hasikii. Kila nyumba ina mtoto wake asiyesikia. Ukimwita mara tatu haitiki. Ukimtuma vitunguu analeta viazi. Redio anaifungulia mpaka jirani anagonga ukuta. Basi bibi anatikisa kichwa, "Huyu mtoto hasikii kabisa," na babu anamalizia na ile methali yake ya kuvunjika guu. Mtoto anachapwa. Kesho yake anaitwa tena, haitiki tena, anachapwa tena.

Tatizo ni kwamba Kiswahili chetu kimelibebesha neno hilo mizigo miwili. Hasikii ni mtoto mkaidi, na hasikii ni mtoto ambaye masikio yake hayapokei sauti. Sisi wakubwa tumezoea kuichukua ile maana ya kwanza kwa sababu ndiyo rahisi. Fimbo iko karibu kuliko daktari.

Mimi si daktari, na naomba hilo lieleweke mapema ili barua za kunisuta zipungue. Nilimaliza kidato cha nne, baiolojia nilipita kwa kubahatisha, na kazi yangu ni kuandika haya mambo yetu ya kila siku. Lakini miezi michache iliyopita nilikuwa Paje kwa shughuli nyingine kabisa, nikakutana na mtoto mmoja wa aina hiyo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza maswali mpaka masela wa kijiweni kwetu wamenibatiza jina la Dokta.

Kwa wewe uliyeko Dar au hapo mjini Unguja, najua Paje unayoijua ni ya picha. Mchanga mweupe, wageni wanaoburutwa na matiara yao juu ya maji, mabaa ya makuti na muziki mpaka alfajiri. Hiyo ni Paje ya mbele. Iko Paje ya nyuma ya mahoteli: nyumba za mawe na chokaa, vibanda vya duka, skuli, misikiti, na akina mama wanaorudi na viroba vya mwani kichwani maji yakianza kujaa. Kilimo cha mwani Zanzibar kilianza mwaka 1989, na Paje ni katika vijiji vya mwanzo kabisa. Ni mwendo wa kilomita kama 50 kutoka mjini, ukipanda gari ya Jambiani au ya Bwejuu unashuka njia panda.

Mama wa mtoto ninayemsema ni mkulima wa mwani. Baba ni mlinzi wa hoteli, zamu ya usiku. Sitawataja majina, wala hoteli, maana watu wenyewe hawakunikosea kitu na walinipa chai na mkate wa mofa. Mtoto ana miaka sita, yuko darasa la kwanza, na sikio lake la kulia linatoa usaha. Halikuanza jana. Linatoa, linakauka, linatoa tena. Mafua hayamwishi, usiku analala mdomo wazi akikoroma kama mzee, na kila baada ya wiki kadhaa koo linamvimba, hataki kula. Tonsesi, kama tunavyoyaita wenyewe mafindofindo.

"Mwalimu wake kaniita skuli," mama aliniambia. "Kanambia huyu mtoto wako mtaratibu, ila hasikii. Nikamwambia mwalimu, hata nyumbani hasikii, babake kamtuma sigara kaleta sukari."

Tukacheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu lile lilikuwa jibu kabisa. Sigara, sukari. Mtu anayesikia vizuri hachanganyi maneno hayo mawili, lakini mtu anayesikia nusu anaokota sauti ya mwanzo, iliyobaki anabuni.

Hebu fanya jaribio dogo hapo ulipo. Ziba masikio yote mawili kwa vidole, kisha mwambie mwenzako akusomee sentensi moja huku amekupa mgongo. Utasikia sauti, lakini maneno yatakuja kama yametoka kwenye mtungi. Sasa jiweke kwenye darasa la watoto wengi, mwalimu anaandika ubaoni na mgongo wake uko kwako, na wewe ndiyo kwanza unajifunza kusoma. Hapo ndipo watoto wengi wanapopewa jina la mjinga wakiwa na miaka sita tu, na jina hilo likishagandama huwa halitoki.

Nilimuuliza yule mama amefanya nini mpaka sasa. Orodha yake ni ya kila nyumba ya pwani. Mafuta ya nazi ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kitunguu thomu, matone mawili sikioni. Maziwa ya mama mwenye mtoto mchanga. Kituo cha afya, mara nne, akapewa ile dawa ya maji ya rangi ya waridi. Kila akimaliza chupa sikio linakauka, na baada ya muda linarudi. Kuna bibi mmoja alishashauri mtoto akakatwe kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kwamba ndicho kinacholeta yote hayo. Mama alikataa, na nampa heko. Kukata kimeo kienyeji kumewamwaga damu watoto wengi nchini mwetu, na wembe usio safi unaingiza magonjwa ambayo hakuna kikohozi kinachostahili kubadilishana nayo. Na hayo mafuta sikioni nayo yaachwe: sikio linalotoa usaha mara nyingi ngoma yake imetoboka, kwa hiyo unachotia hapo nje kinapita mpaka ndani.

Wakati ananisimulia hayo yote, mume wake alikuwa amekaa kwenye baraza, hatua tatu kutoka mlangoni, ametoka kuamka. Alikuwa anavuta. Mtoto alikuwa amemkalia pajani.

Niliuliza swali moja: katika mara zote nne za kituo cha afya, kuna mtu aliyewauliza kama nyumbani kuna anayevuta sigara? Mama alinitazama kama nimemuuliza bei ya nyanya Ulaya. "Sigara na sikio wapi na wapi?"

Ndiyo hapo sasa, mpenzi msomaji. Hata mimi swali lile nililiuliza kwa kuwa niliwahi kusoma mahali, si kwa ujuzi. Nimerudi mjini nikalifuatilia, na nitakueleza kadiri nilivyoelewa.

Sikio lina vyumba vitatu. Cha kati, nyuma ya ngoma, ni chumba kidogo kilichojaa hewa, na hewa hiyo inaingia kupitia mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua, kule inapokutana na koo. Ndiyo maana ukipanda ndege, au hata ukipanda milima ya Lushoto kwa basi, ukimeza mate masikio yanazibuka: mrija umefunguka. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama, uchafu unateremka kooni. Kwa mtoto mdogo ni mfupi, mwembamba, na umelala karibu sawasawa na sakafu. Kwa hiyo mafua ya mtoto hayana safari ndefu kufika sikioni. Hilo peke yake ni maumbile, halina wa kulaumiwa.

Sasa ingiza moshi. Ndani ya pua na ndani ya mrija huo kuna vinyweleo vidogo mno, kazi yake ni kufagia: vinasukuma makamasi na vijidudu kuelekea kooni ili vimezwe au vitemwe. Moshi wa tumbaku unavilegeza hivyo vifagio. Wakati huohuo unaziwasha kuta za mrija, zinavimba, na mrija ambao tayari ulikuwa mwembamba unaziba. Hewa haiingii tena. Maji yanajikusanya nyuma ya ngoma, yanakuwa mazito kama gundi, na mtoto anaanza kusikia kama wewe ulivyosikia na vidole masikioni. Vijidudu vikipata maji yaliyotuama vinafanya kama mbu kwenye dimbwi. Usaha unajaa, unasukuma, ngoma inapasuka, usaha unatoka nje. Dawa inaua vijidudu, sikio linakauka. Lakini jioni baba anawasha tena, vifagio vinalegea tena, na safari inaanza upya.

Ukiniuliza, kinachoniuma ni hapo. Siyo kwamba dawa ni mbovu. Tunafuta maji sakafuni na bomba tumeliacha wazi.

Tena si nadharia ya jana. Mwaka 1978 watafiti wa Ufaransa waliangalia watoto na vijana waliokatwa mafindofindo na nyama za pua, wakakuta wengi wanatoka katika nyumba za wazazi wanaovuta. Mwaka 1983 madaktari wa Seattle, Marekani, waliwachunguza watoto waliokuwa wakiwekewa vijirija masikioni kwa sababu ya maji yasiyokauka, na moshi wa sigara nyumbani ukajitokeza kuwa miongoni mwa sababu. Utafiti ukafuata utafiti. Mwaka 2006 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani wakati huo, Richard Carmona, alitoa ripoti nene inayotamka wazi kwamba wazazi kuvuta sigara kunasababisha maradhi ya sikio la kati kwa watoto: yale ya ghafla, yale ya kujirudiarudia, na yale maji yanayoganda. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara ya mwingine kinachoweza kuitwa salama.

Nisikudanganye, kwa upande wa mafindofindo ushahidi ni mwembamba kuliko wa masikio. Watoto wanavimba koo kwa sababu nyingi. Na kwa masikio yenyewe moshi si mchawi pekee. Mwaka 1996 yalitoka matokeo ya utafiti wa Minja na Machemba waliopima masikio ya wanafunzi wa Dar es Salaam, wa mjini na wa vijijini, na wa vijijini ndio waliokutwa na masikio mabovu zaidi, ingawa huwezi kusema shamba ndiko kunakovutwa sigara nyingi kuliko mjini. Kuna umbali wa hospitali, kuna mafua yasiyotibiwa, kuna msongamano wa kulala. Kwa hiyo mtoto wa mtu asiyevuta anaweza kuumwa sikio, na mtoto wa mvutaji anaweza kukua mzima. Lakini katika hizo sababu zote, nyingi zinahitaji pesa au serikali. Hii moja inahitaji mtu ainuke kwenye baraza.

Nilipomwambia hivyo baba yule, kwa adabu maana ni kaka yangu kiumri, alinijibu kwa majibu matatu ambayo nina hakika na wewe umeshayasikia.

La kwanza: "Mie sivuti ndani, navuta nje." Baraza la nyumba zetu si nje, jamani. Liko chini ya dirisha, mlango uko wazi, na moshi haubishi hodi. Moshi unaotoka kwenye ncha ya sigara inayoungua yenyewe, ule ambao haujapita hata kwenye kichungi, ndio mkali zaidi, na huo haumezwi na mvutaji, unakwenda kwa aliye karibu. Shirika la Afya Duniani linahesabu kemikali zaidi ya 7,000 katika moshi wa tumbaku, na kama 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Tena mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima. Madaktari wana kipimo: nikotini ikishaingia mwilini inageuka kuwa kitu kinachoitwa kotinini, na kotinini hiyo inakutwa kwenye mate na mkojo wa watoto ambao hawajawahi kushika sigara isipokuwa kutumwa dukani. Hata baba akivuta mbali akarudi palepale akamkumbatia mwanawe, shati na ndevu zinakuja na sehemu ya mzigo.

La pili: "Hapa Paje upepo mwingi, moshi wote unakwenda baharini." Hili lilinifurahisha kwa sababu lilinipa kazi. Paje inatazama mashariki. Kusi inatoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Zote mbili, msomaji wangu, zinatoka baharini kuja nchi kavu, na ndiyo maana wale wageni wa matiara wanaipenda Paje: upepo hauwapeperushi kwenda Bara Hindi. Kwa hiyo kama moshi wa baraza unakwenda popote, unakwenda mashambani, ukipitia ndani. Zaidi ya hapo, ikifika Juni na Julai, kipupwe na baridi yake, watu wanafunga madirisha na mzee anasogea ndani na sigara yake. Na huo ndio msimu wa mafua ya watoto. Viwili vinakutana.

La tatu lilitoka kwa mama, akimtetea mumewe: "Tena mie kila jioni nafukiza udi, nyumba yote inanukia." Udi ni jambo zuri, kwetu mtu anazaliwa na udi na anaozwa na udi. Lakini udi unafunika harufu, sumu haiigusi. Ule nao ni moshi, umeongeza wa pili juu ya wa kwanza. Kama unafukiza chumba, mtoto mwenye mafua mtoe nje kwanza. Na jiko la kuni na makumbi likiwa ndani, mambo ni hayohayo.

Sasa nitoke kidogo Paje nije kwetu vijana, maana najua kuna mtu anasoma hapa anasema hayanihusu, sina mtoto. Una wadogo zako. Una mtoto wa dada yako ambaye ukifika nyumbani Jumapili anakurukia, "Ami kaja!" Wewe ndiye unayemchukua kwenye gari ya rafiki yako, vioo vimefungwa kwa sababu ya kiyoyozi, na jamaa wa mbele anawasha. Uingereza tangu Oktoba 2015 hilo ni kosa la faini: huvuti ndani ya gari lenye mtoto wa chini ya miaka 18. Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2015, huruhusiwi kuvuta hata ukiwa nje kama uko ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Sisi Tanzania tulipata sheria ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 nchi ikaridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina mamlaka yake na sheria zake za afya. Lakini niambie, sheria gani itakuja kukaa barazani kwa mtu saa kumi ya jioni?

Na ile shisha ya pembeni ya bahari, yenye harufu ya tofaa na zabibu, wengine wanaiona kama peremende. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba kikao kimoja cha shisha kinaweza kumwingizia mtu moshi mwingi kama wa sigara 100 au zaidi. Nimeona mezani Paje dada mmoja wa mjini amempakata mwanawe wa kunyonya huku mrija unazunguka. Sikusema kitu, nisingeanzia wapi? Lakini yule kichanga, mrija wake mwenyewe, ule wa sikio, ndio mfupi kuliko wetu sote pale mezani.

Ajabu ni kwamba wavutaji wenyewe si wengi. Utafiti wa mwaka 2018 wa watu wazima Tanzania ulikuta asilimia 8.7 ndio wanaotumia tumbaku: wanaume asilimia 14.6, wanawake 3.2. Yaani tukikaa watu wazima kumi, tisa hatugusi. Lakini utafiti huohuo ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya saba anavuta moshi wa mwingine akiwa nyumbani. Hao ni watu wazima waliouanguka mdomo wakajieleza kwa mtafiti. Watoto hawakuulizwa.

Kwa nini tisa tunamnyamazia mmoja? Nilimuuliza mama yule faraghani, tukiwa tunaanika mwani. Akaniambia, "Mdogo wangu, hebu nambie wewe. Huyu ndiye analeta unga. Anakesha usiku kucha analinda mali za watu. Akirudi nimwambie toka kwenye baraza yako mwenyewe? Na babake akija kutoka Makunduchi, mkwe wangu yule, naye anavuta. Nimwambie mkwe wangu nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mwanamke wa kwetu atamwambia mumewe pesa ya skuli haitoshi, atamwambia paa linavuja, lakini sigara ni kama sehemu ya heshima ya mwanamume, na kumtoa mkwe barazani ni aibu ya ukoo mzima. Mgeni anaulizwa kama atakunywa chai au soda. Haulizwi avute wapi. Kijivyombo cha majivu kinaletwa na mtoto, kwa mikono miwili, kama tulivyomfundisha.

Ndipo nikaona labda dawa ni sikio lenyewe. Mama asiseme "acha sigara," maneno ambayo yanaanzisha vita. Aseme "mtoto anaumwa sikio, daktari kakataza moshi." Hapo hakuna aliyemvunjia mtu heshima, amri imetoka hospitali, na mkwe mwenyewe atasogea minazini kwa hiari yake maana mjukuu ni wake. Hata wewe kijana unaweza kuitumia kwa kaka yako mkubwa. Tunaheshimu sana maneno ya daktari tukishayapata. Kazi ni daktari kuyasema, na ili ayasema inabidi ajue.

Jioni ile niliondoka na baba mpaka dukani, akanunua sigara mbili za moja moja. Njiani nilimuuliza, Ramadhani inakuwaje? Akasema anafunga yote, tangu balehe hajala hata siku moja. Kwa hiyo kuanzia alfajiri mpaka magharibi, mwezi mzima, hagusi? "Hata sikumbuki," alisema, "ila nikishafuturu, hiyo ya kwanza bwana..." akafumba macho. Anaifurahia wapi hiyo ya kwanza? Palepale mkekani, sahani hazijaondolewa, watoto wamemzunguka. Alisimama kidogo. Nadhani alikuwa anahesabu hatua za kutoka mkekani mpaka mlangoni, au labda nilimpa sifa asiyostahili na alikuwa anatafuta kiberiti.

Nimepiga simu wiki iliyopita. Baba sasa anavutia kule ngalawa zinapopandishwa, akirudi ananawa na kubadilisha shati, isipokuwa siku za mpira, ambapo anasahau mpaka mapumziko. Mkwe bado hajaja, kwa hiyo huo mtihani uko mbele. Mafua ya mtoto yamepungua, kukoroma bado. Sikio limekauka wiki tatu, lakini ngoma iliyotoboka haizibwi na habari njema, inabidi itazamwe na usikivu upimwe. Mwalimu amemsogeza dawati la mbele, upande ambao sikio zima linamwelekea yeye, na amekuwa akisoma vizuri kuliko walivyodhani.

Jumatatu wanapanda gari ya mjini alfajiri kwenda Mnazi Mmoja kuwaona wa masikio, pua na koo. Nimemwambia mama asingoje kuulizwa. Akishakaa tu, kabla hajataja usaha wala homa, aseme nyumbani kuna sigara ngapi kwa siku na zinavutiwa wapi. Akaniuliza, "Na babake akiwepo?" Nikamwambia mpe yeye aseme. Akacheka, akasema atafikiria kwenye gari.